Mto Kwenye Kapu la Kubeti

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na paa la ofisi limeanza kuvuja palepale juu ya meza yangu, kama vile lilinisubiri. Nimeweka ndoo. Mkuu wetu wa kitengo amepita, akaitazama ndoo kwa huruma, akaenda zake. Huyu tunamwita Bwana Itategemea, kwa sababu ukimwuliza hata kama leo ni Jumatatu atakujibu itategemea. Si mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kazi.

Naandika shajara msimu huu kwa sababu kuna mambo yanakuja kazini na sitaki baadaye nije kuambiwa sikuyaona vizuri. Ndugu zangu wote wanadhani natengeneza simu. Sitengenezi simu. Kampuni yetu inauza intaneti kwa mji mzima, na mimi nakaa mbele ya skrini nikiangalia njia zinavyopitisha vitu vya watu: video, ujumbe, muziki, masomo. Njia ikijaa, vyote vinapunguzwa kasi sawasawa, cha tajiri na cha maskini. Bungeni kuna muswada unaotaka kulibadilisha hilo, na ofisini hakuna anayezungumza jambo lingine.

Jumapili, 8 Machi

Nimeshinda kwa Mama. Nyumba yake iko Mtaa wa Chini, ambako mto ukifurika ndiko unakopiga hodi kwanza. Tumemwomba ahamie kwangu mpaka tumechoka. Anasema nyumba aliyoijenga na baba haiachi kwa sababu ya maji ambayo hayajafika.

Mdogo wangu naye alikuwepo. Alikuwa mpimaji wa mto katika idara ya maji, wakampunguza kazini, akatoka na ubishi wake wote. Sasa amefunga kamera kwenye daraja la juu, inatazama nguzo aliyoipaka rangi mwenyewe: nyeupe chini, njano katikati, nyekundu juu. Picha inakwenda moja kwa moja kwenye tovuti yake, na yeyote mwenye simu anaona maji yamefika rangi gani. Yakigusa nyekundu, Mtaa wa Chini una muda wa kutosha kuivisha sufuria ya maharage, halafu maji yako mlangoni. King'ora cha serikali kipo juu ya nguzo karibu na soko, lakini miaka mingi hakijalia na ndege wamejenga ndani yake.

Kwa hiyo mtaa mzima unategemea ile picha, na picha yenyewe wanaisoma kwa macho ya Mama. Wengi hawana simu ya kuifungua, au kifurushi kimeisha, basi wanapita dirishani: "Mama, mto vipi?" Naye anaisogeza simu mbali na uso kama mtu aliyepewa kitu kinachonuka, anakunja macho, anatoa hukumu. Saa iliyoandikwa pembeni ya picha haioni, herufi ndogo mno. Yeye anaangalia rangi tu.

Leo aliyepita ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mshonaji, mama wa mapacha wawili wa kike. Mama Mapacha tunamwita. Futi shingoni, pini mdomoni, anaongea hivyohivyo bila kuzitoa, mimi ndiye niliyekuwa naogopa.

"Nyeupe," Mama akamwambia. "Nenda kashone."

"Ukisema wewe nimelala usingizi," akasema, akaenda.

Chakulani tukagombana na mdogo wangu, kama desturi. Nilisema sioni ubaya wa njia mbili, ya haraka na ya kawaida. Gari la wagonjwa linapishwa barabarani na hakuna anayelalamika.

"Gari la wagonjwa linapishwa kwa sababu lina mgonjwa, dada. Kwenu atapishwa mwenye hela."

"Na wewe unataka nani alipie mitambo? Inakula umeme, inakula vipuri."

"Na kile kifungu cha pili umekisoma? Mamlaka ya Mitandao itaweza kufunga tovuti yoyote papo hapo, bila mahakama, eti kwa masilahi ya umma."

Nilikuwa sijakisoma. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumanne, 17 Machi

Kikao cha maoni ya wananchi kimefanyika ukumbi wa manispaa, nami nilitumwa nikabebe projekta ya kampuni. Bwana Itategemea alisimama akaeleza njia ya haraka kwa ufasaha ambao sikujua anao. Aliwapaka watu mafuta mpaka wakang'aa. Akasema atakayelipa atapata kasi, na ambaye hatalipa hatapoteza chochote. Hapo nilijikuna sikio. Njia ni ileile moja, upana wake ni uleule. Ukimtanguliza mmoja, mwingine amerudi nyuma, hata mtoto anayepanga foleni ya maji anajua.

Mdogo wangu akanyanyuka. Shati limelowa, viatu vina tope la daraja. Nilitamani ardhi inimeze. Akasema yeye hana kampuni, ana kamera, na picha yake ikichelewa watu hawatapata nafasi ya kutoka. Aliyemjibu ni dada mmoja wa Mamlaka, mpole, sauti kama ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Akasema taarifa za mto ni jambo nyeti, na sheria mpya itahakikisha zinatolewa na wenye leseni tu.

"Wenye leseni ndio wenye kile king'ora?" akauliza mdogo wangu. Ukumbi ukacheka. Yule dada hakucheka, aliandika kitu.

Kurudi nyumbani nilimsema kwa kutuaibisha. Sasa naandika na sina uhakika nilikuwa naona aibu kwa ajili ya nani.

Alhamisi, 26 Machi

Muswada umepita. Sasa ni sheria, vifungu vyote viwili.

Kazi yangu imebadilika kwa siku moja. Kila kitu kinachopita lazima kiingizwe kwenye kapu, ndivyo tunavyoyaita makundi yale. Kapu la kwanza ni la kampuni ya kubeti mechi, wametulipia kuliko wote, hata benki wamewaacha nyuma. Yanafuata makapu mengine ya wanaolipa. La mwisho linaitwa Mengineyo. Humo wamo walimu, makanisa, misikiti, vikundi vya akina mama, na mto.

Mimi ndiye niliyemwingiza mdogo wangu Mengineyo. Nilifanya haraka, kama unavyong'oa plasta kwenye kidonda.

Jumamosi, 4 Aprili

Siku ya mechi. Mchana njia ilijaa pomoni, kapu la kubeti likateleza kama limepakwa sabuni, Mengineyo likakabwa koo. Nilifungua ukurasa wa mdogo wangu kwenye simu. Kiduara kinazunguka, kinazunguka. Picha ikaja vipande vipande, ikakwama, ikaja tena.

Nikampigia Mama. Kumbe yeye ameshapata dawa yake: akiona kiduara anampigia mwanawe moja kwa moja, na mwanawe anamwambia rangi kwa mdomo. Leo amempigia mara nyingi mpaka kijana akamwambia, "Mama, niache nishuke kwanza kwenye ngazi."

Alicheka wakati ananisimulia. Mimi sikuweza kucheka.

Jumanne, 7 Aprili

Nimemwuliza Bwana Itategemea kama kamera ya mto inaweza kuwekwa kapu la huduma za umma, pamoja na hospitali. Nilitegemea jibu lake la siku zote. Safari hii alifunga mlango kwanza.

"Itabidi awe na leseni ya Mamlaka," akasema. "Na hawatampa. Yule dada alimtaja kwa jina kwenye simu. Usimguse huyo kijana kwenye mitambo yetu, mwanangu. Sheria ina kifungo."

"Na maji yakija?"

Aliitazama ndoo yangu kupitia kioo cha mlango. "Maji yana idara yake."

Miaka yote nimekuwa nikimwona mtu wa kupima mambo. Leo nimeona ni mtu anayeogopa, na inawezekana siku zote alikuwa hivyo.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimefanya.

Nilikuwa peke yangu zamu ya mchana, wenzangu wamekwenda kula. Kwanza nilifikiria kapu la hospitali, lakini lile linakaguliwa kila wiki. Benki ndiyo kabisa. Nikajiuliza, kitu gani katika mji huu hakuna atakayethubutu kukigusa? Jibu lilikuwa linanitazama juu kabisa ya skrini. Nikauchukua mto wa mdogo wangu nikauficha ndani ya kapu la kubeti, katikati ya mechi na namba zao. Hakuna anayepekua humo. Wanaolipa vizuri hawasumbuliwi.

Nilifungua ukurasa, picha ikaruka papo hapo, safi, unaona hadi kutu ya ukingo wa daraja. Makapu ya mbele yana faida moja zaidi: mitambo yetu inahifadhi nakala ya kila kitu karibu na mteja, ili akifungua asisubiri hata kufumba jicho. Mdogo wangu amepata huduma ya matajiri bure. Sijamwambia. Angekataa, namjua, angeniletea hotuba.

Niliogopa mpaka jioni, lakini nilijisikia vizuri. Siwezi kudanganya hapa, nilijiona mjanja kupita wote.

Jumapili, 12 Aprili

Mama amefurahi kama amepewa macho mapya. "Siku hizi haina kile kiduara," ananiambia. "Simsumbui tena mwanangu, maskini, alikuwa anapanda na kushuka ngazi kwa ajili yangu." Majirani wanaingia hadi ndani kuangalia. Mama Mapacha amemshonea foronya ya kiti kwa shukrani.

Nimekula vizuri leo.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua haijakatika tangu juzi. Njano kidogo, ikarudi nyeupe.

Jumatatu, 20 Aprili

Yule dada wa Mamlaka amekuja ofisini kukagua. Alipita meza kwa meza, ananiuliza kila kapu lina nini, mimi namjibu bila kigugumizi. Alipofika la kubeti akasema, "Hawa nao wana matatizo yao ya leseni." Akapita. Nililisikia lile neno, nikaliacha lipite naye. Kila mtu ana matatizo ya leseni siku hizi.

Aliniomba kitambaa afute viatu. Tope la nje sasa linafika mlangoni.

Jumamosi, 25 Aprili

Siwezi kuandika.

Jumanne, 28 Aprili

Nitaandika yote mara moja.

Jumamosi mjini kulikuwa na jua. Watu walianika nguo. Sisi hatukujua kwamba milimani ilikuwa inanyesha kama imefunguliwa bomba. Mdogo wangu alikuwa darajani tangu asubuhi. Mimi nilikuwa zamu, mechi kubwa inakaribia kuanza, njia imejaa, mji mzima unabeti.

Yule dada wa Mamlaka akaingia na barua. Kampuni ya kubeti imefungiwa, kuanzia dakika hiyo, kwa masilahi ya umma. Bwana Itategemea aliisoma barua ile amesimama, akaisoma tena, akaniambia, "Funga kapu lote."

Nilijua kilichomo. Sitasema nilisahau. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na nilijua kabisa kwamba chini ya mechi zote hizo kuna mto. Ningeweza kusema subirini. Lakini kusema subirini ni kusema nilimficha mtu asiye na leseni, na yule dada alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, karibu hivi, nasikia anavyopumua. Nikajiambia, funga sasa, akitoka tu uhamishe mto. Nje ni jua. Nikabonyeza.

Halafu nikafungua ukurasa wa mdogo wangu kwenye simu, chini ya meza. Picha ikaja palepale. Nguzo, maji, nyeupe.

Ah, moyo ulirudi mahali pake. Nikawaza kwa akili zangu zote za kazi: kumbe amri imeshika anwani za kubeti peke yake, mto umepenya. Nilimshukuru Mungu. Yule dada alisema lazima asubiri uthibitisho kutoka kwa wakubwa wake kabla hajaondoka, akaomba chai, nami nikamimina ya kwake na ya kwangu. Tukaongea habari za viatu vinavyofaa msimu wa mvua. Ni mtu mzuri kuongea naye, hilo ndilo linaniudhi. Nilikunywa chai yangu yote.

Kisha nikaitazama tena ile picha. Kuna mfuko wa plastiki wa buluu ulikuwa umenasa kwenye nguzo, pale maji yanapopita. Ulikuwa umeinama upande mmoja. Ulikuwa hautikisiki. Maji ya mto hayajawahi kuacha kitu kikatulia namna ile, na mimi nikaukodolea macho ule mfuko mpaka nikaelewa. Nakala. Mitambo yetu ilikuwa inawaonyesha watu picha iliyohifadhiwa kabla sijabonyeza. Safi, ya haraka, bila kiduara, na ya zamani.

Nilisimama kikombe kikaanguka. Nikasema yote mbele yao wote wawili. "Ifungueni. Mle ndani kuna mto."

Bwana Itategemea alikaa chini bila kuangalia kama pana kiti. Kwa bahati kilikuwepo. Yule dada akageuka rangi. Akasema kapu lililofungwa kwa amri haliwezi kufunguliwa bila namba ya siri ya makao makuu. Akapiga simu. Nilimsikia akieleza kwa ile sauti yake ya upole, halafu bila upole, halafu analia. Walimwambia alete ombi kwa maandishi.

Mimi nampigia Mama. Simu zimejaa, mji mzima unapigiana kuuliza kwa nini kubeti kumekufa. Nampigia mdogo wangu, vivyo hivyo. Nikatoka mbio, nikapanda pikipiki, dereva akakataa kuteremka zaidi ya soko. Barabara ya Mtaa wa Chini ilikuwa ina rangi ya kahawia na inatembea.

Mama nilimkuta juu ya paa la duka, amewakumbatia mapacha, mmoja kila mkono. Hakulia wala hakuniita.

Yaliyotokea amenisimulia yeye, mara moja tu. Mama Mapacha alikuwa ameshafungasha. Mtu wa nyuki aliyeteremka kutoka milimani alimwambia mvua ya huko si ya mchezo. Akajitwika cherehani kichwani, akawatanguliza watoto, akapita dirishani kwanza kuuliza kama kawaida. Mama akatazama. Nyeupe. Akamwambia, "Rudi ukamalize sare za watu. Ingekuwa hatari ningekwambia." Mama Mapacha akacheka kwa aibu, akaitua cherehani, akarudi ndani. Maji yalipokuja Mama aliwawahi watoto waliokuwa barazani. Mama yao alikuwa chumba cha ndani.

Ijumaa, 1 Mei

Tumezika jana, yeye na wengine wa nyumba za ukingoni. Mama hakwenda makaburini. Yuko kwangu, amekaa chumbani ameshika tama, chakula anakisogeza pembeni. Akisema neno ni lile lile: "Mimi ndiye niliyemwambia aitue."

Mdogo wangu alikuja leo. Alikuwa hajui habari ya picha. Yeye kutoka darajani aliona nyekundu kwa macho yake, kamera inatuma vizuri, akaamini mtaa mzima unaona anachokiona. Akabaki kuwavusha watu wa juu. Nilimpeleka nyuma ya nyumba nikamweleza.

Alichimba tope la kiatu kwa kijiti.

"Ungeniacha Mengineyo," akasema. "Picha ingekwama. Kiduara kingezunguka. Mama angenipigia hata kabla ya mechi, kabla simu hazijajaa, na mimi ningemwambia maji yanapanda."

Nilidhani atainuka aondoke. Badala yake aliuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikamtajia wale wawili. Akaniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwake, kama anapima kitu. "Basi usimwambie mtu sasa hivi, dada. Wanasheria wa sisi tunaoipinga sheria wameshapeleka kesi mahakamani. Wakisikia hili, watasema kosa ni letu. Ngoja sheria ifutwe kwanza."

Huyu ndiye aliyesimama ukumbini na shati limelowa.

Jumatano, 6 Mei

Magazeti yameshagawana maiti. Mamlaka inasema msiba huu ni ushahidi kwamba taarifa za watu wasio na leseni zinaua, inataka nguvu zaidi. Wapinzani wa sheria wanasema njia mbili ndizo zilizoua, wamechapisha picha ya Mama Mapacha akiwa na futi shingoni kwenye fulana. Kila upande una ukweli nusu, na ile nusu nyingine ninayo mimi.

Bwana Itategemea aliniita. Amesema kumbukumbu za mitambo za wiki ile zimefutwa kwa bahati mbaya, hitilafu ya umeme. Yule dada wa Mamlaka amehamishiwa mkoa mwingine. Mimi napandishwa cheo, nitasimamia makapu yote.

"Pumzika kwanza," akaniambia. "Mji utasahau."

Alisema kwa wema. Alikuwa amefunga mlango kwanza, kama siku ile nilipomwuliza habari ya mto, na nikaona kwamba nikikaa kwenye kile cheo, baada ya miaka michache nitakuwa yeye.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua imekatika. Asubuhi nimempelekea Mama uji, akausogeza. Akaanza tena, "Mimi ndiye niliyemwambia—"

"Mama, picha haikuwa ya saa ile."

Akanitazama.

Nikamweleza, kwa maneno ya nyumbani. Kwamba niliuficha mto mahali pa matajiri, kwamba niliufunga kwa mkono wangu, kwamba alichoona ni mto wa kabla ya hapo. Nilieleza hadi ile chai. Nilipomaliza akaanza kutafuta kanga yake kitandani kwa kupapasa.

"Vaa viatu," akasema.

"Twende wapi, Mama?"

"Kwa baba yao. Mimi nimeshindwa kumtazama usoni wiki mbili. Leo utamtazama wewe."

Nilimwambia kuna kesi, kuna kifungo, na mdogo wangu amesema tusubiri. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Baba wa mapacha ni fundi wa kuchomelea, amehamia na watoto chumba kimoja nyuma ya karakana yake. Alitusikiliza amesimama, kinga ya macho bado iko juu ya paji la uso. Nilisema kila kitu bila kupumzika. Nilitegemea anifukuze, au anipige, ningekubali lolote. Yeye alizima mtambo wake, akafuta mikono kwa kitambaa kidole kwa kidole.

"Sheria zenu mimi sizijui," akasema. "Ila hawa watoto kila siku wananiuliza kwa nini mama yao aliitua cherehani. Nimekosa jibu. Waeleze wewe."

Akawaita. Walikuja wameshikana mikono, wakakaa kwenye mbao mbele yangu, magauni yao yameshonwa kwa kitambaa kimoja. Nimewaeleza makapu wakurugenzi, wateja wenye hasira, watu wa Mamlaka. Hapa sikujua pa kuanzia. Nikapiga magoti ili tuwe sawa.

Mmoja akatangulia kuuliza. "Bibi alitudanganya?"

Mama alikuwa nyuma yangu.

"Hapana," nikasema. "Bibi aliona picha ya zamani. Mimi ndiye niliyeiacha pale."

Mwenzake alifikiri kidogo. "Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia nilikuwa nakunywa chai.